Nyumba ya urithi, paa la asbesto na mimba ya wiki 20

SWALI

Shikamoo mhandisi. Mimi na mke wangu tumehamia kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba hapa Tanga, na mama bado tunaishi naye. Ilijengwa 1974: tofali za saruji, paa la asbesto, milango na madirisha ya mbao. Mke wangu ana mimba ya wiki 20, ya kwanza, na kliniki wametuandikia kujifungua 8 Juni. Mwezi wa tano ataenda kwao Muheza kujifungulia kwa mama yake. Tuna shilingi milioni 7. Fundi ameandika orodha: kung'oa asbesto na kupaua bati za msauzi, kukwangua rangi yote ya zamani kwa grenda na kupiga skimu, kupulizia dawa ya mchwa nyumba nzima (wamekula fremu mbili), kubandika marumaru bafuni, na kugeuza stoo kuwa chumba cha mtoto. Anasema ni wiki sita, na tunaweza kuishi humo humo tukihama chumba hadi chumba. Mama anasema zamani watu walijenga huku wake zao wakiwa wajawazito na hakuna kilichotokea. Tuanze na nini?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni. Katika mambo matano aliyoandika fundi wako, matatu yasifanyike mwaka huu kwa namna alivyoyaandika, na moja hamlihitaji kabisa. Wala sisemi hivyo kwa sababu ya milioni 7, ingawa zingeishia kwenye paa kabla hujanunua kitasa cha kwanza. Shida yangu ni vumbi. Nyumba ya 1974 ina vumbi la aina yake, na yote yanayoogopesha kwenye orodha hiyo yametulia vizuri hadi pale mtu atakapoyagusa.

Tuanze juu. Asbesto ikiwa nzima haimdhuru anayelala chini yake, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikwa ndani ya saruji. Hutoka bati linapovunjwa, kukatwa, kutobolewa au kusuguliwa kwa brashi ya waya. Ni nyembamba mno kuonekana kwa macho, na zikishaingia kwenye mapafu, nyingi hubaki humo. Maradhi yake, ikiwemo saratani ya utando unaozunguka mapafu, huchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza. Ndiyo maana mafundi wengi hawaamini: hawajawahi kumwona mtu akianguka jioni ya siku aliyovunja. Mimi nina miaka 54. Nikizivuta nyuzi hizo leo, huenda nikafa kwa jambo jingine kabla. Mtoto wako ana miaka sabini mbele yake. Hata Uingereza, iliyopiga marufuku asbesto zote 1999, haimlazimishi mtu kung'oa iliyo nzima. Inamtaka aiache, aijue ilipo na aiangalie.

Namna zinavyong'olewa kwetu naijua. Kijana yuko juu na nyundo, vipande vinaporomoka uani, jioni vimeshaziba banda la kuku na vingine vimejazia shimo la mlangoni. Siku mtakayoamua kupaua upya, iwe ni kazi yenye bajeti yake: skrubu zifunguliwe, bati ziloweshwe, zishushwe nzima, zifungwe kwenye nailoni nzito, na kabla ya yote hayo uulize halmashauri na NEMC, baraza la taifa la mazingira, zinapelekwa wapi. Siku hiyo mke na mtoto wasiwepo. Msauzi hauozi dukani.

Kwa sasa ziba panapovuja, na uzibe kabla ya masika. Mahali penye ufa pafutwe kwanza kwa kitambaa kibichi, pakauke, kisha pazibwe kwa mkanda wa lami. Fundi akanyage ubao uliolala juu ya kenchi, asikanyage bati lenyewe. Asbesto ya miaka 50 ni kama biskuti, na watu wameshadondoka kupitia humo. Gata nazo zisafishwe tope likiwa bichi. Kama siling bodi zenu ni zile ngumu, bapa, za kijivu, zihesabu kuwa ni asbesto pia na usiruhusu mtu azitoboe kutafuta njia ya nyaya.

Sasa rangi, na hapa ndipo ninapoomba unisikilize zaidi, kwa sababu grenda ya fundi wako inanitisha kuliko paa. Rangi za mafuta za miaka hiyo, hasa za njano, nyekundu na kijani kibichi, mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani walizizuia majumbani 1978. Kwetu ziliendelea kuonekana madukani miaka mingi baada ya hapo. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chochote ambacho ni salama. Mama akivuta au kumeza vumbi lake hataumwa, hatatapika, hatajua. Mtoto akizaliwa ataanza kutambaa, mikono iende mdomoni, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza kuliko mwili wa mtu mzima. Kinachoharibika ni ubongo, na haurudi.

Zikague kuta zako. Nyumba za umri huo kwa kawaida zilipakwa chokaa au rangi ya maji sehemu ya juu, na rangi ya mafuta sehemu ya chini, kimo cha kiuno hivi, ili ukuta uoshwe. Yaani rangi inayotia shaka iko usawa ule ule wa mtoto anayejifunza kusimama! Milango, fremu na madirisha nayo ni ya mafuta. Chukua kitambaa cheupe chenye spiriti, sugua mahali padogo: rangi ya maji italainika na kuacha alama kwenye kitambaa, ya mafuta haitatikisika. Kipimo hicho hakikwambii kama kuna risasi, kinakwambia tu ni rangi ipi ya kuiheshimu. Kwa nyumba ya 1974 mimi huhesabu kila rangi ya mafuta kuwa nayo hadi maabara iniambie vingine.

Iliyoshika vizuri usiikwangue. Ioshe kwa maji na sabuni, ipakwe praima inayoshika juu ya mafuta, kisha rangi mpya ya maji. Imefungwa, imekwisha. Inayobanduka ilowanishwe na kukwanguliwa kwa mkono ikiwa mbichi, nailoni ikiwa imetandazwa chini, na maganda yafungwe kwenye mfuko yatupwe. Msasa mkavu, grenda na moto wa kuunguzia rangi visiingie ndani ya uzio wako. Mlango unaosagika kwenye fremu kila ukifungwa hutoa unga kila siku bila mtu kuona, kwa hiyo huo ndio wa kwanza kubadilishwa, pamoja na zile fremu mbili zilizoliwa na mchwa. Na wewe ukishiriki kazi, badili nguo na uoge kabla hujamsogelea shemeji. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Nunueni zile za viwandani za FFP3 au P100.

Turudi kwenye wiki sita za fundi. Mke wangu alipokuwa na mimba ya pili nilifanya hivi unavyotaka kufanya, mimi mwenyewe mhandisi. Niliahidiwa wiki tatu, zikawa tisa, na mtoto wetu alilala siku zake kumi za kwanza sebuleni kwa dada yangu, juu ya kochi, huku nyumbani marumaru zikisubiri gundi. Tangu hapo kila muda ninaoambiwa nauzidisha mara mbili, kisha nahesabu kwa kurudi nyuma. Kwako hesabu iko hivi: leo tuko wiki ya tatu ya Januari, kiangazi, kuta zinakauka. Mwishoni mwa Machi masika inafungua, na lipu itakayopigwa Aprili haitakauka sawasawa. Lipu mpya imwagiwe maji siku saba, kisha iachwe hadi itimize jumla ya wiki nne hivi kabla ya rangi. Maana yake kila kinachohitaji saruji kiwe kimepigwa kufikia katikati ya Februari, na brashi ya mwisho ya rangi iwe imeshawekwa chini wiki ya tatu ya Machi.

Kwa hiyo mpango wa kuhama chumba hadi chumba ufute. Vumbi halijui mlango. Mwombe mama mkwe ampokee binti yake mara mbili: wiki tatu au nne kuanzia mwanzo wa Februari, kisha tena Mei kama mlivyokwisha kupanga. Aende na kadi yake ya kliniki, ahudhurie huko huko. Mama naye, kama kifua chake si kizuri, amsindikize. Najua kishawishi kilichoko: utaona bora kazi chafu zisubiri Mei, maana atakuwa hayupo hadi arobaini iishe, katikati ya Julai. Usifanye hivyo. Mei ni mvua, na kwa fundi wetu Mei huwa Agosti.

Chumba cha mtoto acha. Najua picha hizo zinatoka wapi, na ni nzuri. Lakini mtoto atalala chumbani kwenu, chini ya chandarua, miezi sita ya kwanza kwa uchache, na stoo yenu itaendelea kuwa stoo yenye rangi ya waridi. Fedha hiyo iende kwenye chumba chenu: madirisha yawekewe wavu wa mbu usio na tundu, na mianya ile ya mawimbi ya paa, pale bati linapokutana na ukuta, izibwe kwa wavu kutokea nje bila kutoboa bati. Utafiti wa Gambia uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa wavu, hata zile zilizowekewa siling ya wavu peke yake, ziliingiza karibu nusu tu ya mbu, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Kwa Tanga sijui matumizi bora ya laki chache kuliko hayo.

Bafuni ndiko ningeweka fedha nyingi zaidi. Fundi yuko sahihi kuhusu marumaru, ila zisiwe zile za kung'aa. Chagua zenye kukwaruza, na sakafu iinamie tundu la maji. Marumaru za zamani kama zipo zisivunjwe kwa nyundo kavu, ziloweshwe. Mwambie atoe ngazi ya mlangoni ikiwezekana, aweke mshikio wa chuma ukutani karibu na choo, na taa inayowashwa kutoka nje. Mwezi wa nane na wa tisa wa mimba, kuchuchumaa ni mateso. Kama choo ni cha shimo la kuchuchumaa, weka cha kukaa sasa. Halafu fikiria kukandwa: atakaporudi, mama atakuwa na ndoo ya maji ya moto, kigoda, na mzazi amekaa. Watu wawili na ndoo wanahitaji nafasi ambayo kabati la urembo la fundi lingeila. Ukifunga hita ya maji ya kuoga, fundi umeme akuonyeshe waya wa athi (unaoshusha ardhini umeme uliovuja) na kikata umeme kinachozimika umeme unapovuja. Nyumba nyingi za zamani athi yake ilikwisha kukatika ardhini bila mtu kujua.

Ukungu wa ukutani, kama upo, mara nyingi unatokana na bomba au gata. Rekebisha hilo kwanza. Kuusafisha kwa Jik si vibaya, mradi usiichanganye na asidi ya chooni. Gesi inayotoka hapo humtoa mtu mzima mbio, sembuse mjamzito.

Mchwa wasipuliziwe ndani. Soma kopo alilokuja nalo fundi: likiwa limeandikwa "chlorpyrifos", lirudishwe dukani. Marekani waliiondoa kwenye matumizi ya majumbani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya watoto, na 2025 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa sumu zisizooza. Badala yake fremu zilizoliwa zitolewe, ziwekwe za chuma. Vichuguu vinavyopanda ukutani vivunjwe. Kuni, maboksi na udongo vilivyoegemea msingi viondolewe. Kama bado wanakuja, itibiwe ardhi ya nje tu, shemeji akiwa Muheza, na mtaalamu mwenye leseni.

Mama usibishane naye. Anasema kweli kwamba walijenga. Walijenga kwa tofali mpya na chokaa mpya, hawakukwangua rangi ya miaka hamsini kwa mashine ya umeme. Mwambie hivyo kwa upole, kisha umpe yeye usimamizi wa usafi, maana ndio utakaoamua kama kazi yote ilikuwa na faida. Kabla shemeji hajarudi mwezi Machi, nyumba isifagiliwe. Idekiwe kwa maji, mara tatu kwa siku tatu, maji yakibadilishwa kila chumba. Yafutwe mapanga ya feni, juu ya kabati, vizingiti vya madirisha. Mapazia na vyandarua vifuliwe. Godoro lililokuwa wazi wakati wa kazi lipigwe nje, mbali na kisima na mlango.

Jumatatu fundi akifika, mwonyeshe orodha mpya kabla hajashusha vifaa. Akishikilia grenda yake, mlipe nauli.