Robo ya ziada unayolipa haimlindi samaki

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikinunua samaki wa pakiti wenye nembo ya kijani, ingawa bei yao inazidi ya wengine kwa robo nzima. Kwenye pakiti pameandikwa "wamevuliwa kwa kuijali bahari". Nimejiaminisha kwamba ile robo ya ziada ndiyo inayowalinda samaki. Shemeji yangu ananibishia. Anasema nisiponunua mimi atanunua mwingine, kwa hiyo najisumbua bure. Nani yuko sahihi kati yetu? Na je, niendelee kununua, nipunguze, au niache kabisa?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na shemeji yako, maana lake ni fupi. Ukiacha kilo moja ya samaki dukani, bei inalegea kidogo sana, kiasi ambacho wewe hutakiona. Kwa ulegevu huo kuna mnunuzi mahali fulani anayeongeza kidogo kwenye kapu lake, na kuna mvuvi mahali fulani anayepunguza safari. Kilo yako inagawanywa kati ya hao wawili. Kama wote wanaitikia bei kwa nguvu sawa, nusu kilo inabaki majini na nusu inaishia kwenye sahani ya mtu mwingine. Mvuvi mwenye deni la boti hapunguzi safari upesi, hivyo hapo mwanzoni kinachobaki majini mara nyingi hakifiki nusu. Shemeji anaposema ni bure kabisa, anakosea. Anayedhani kilo aliyoiacha imeokoka yote, naye anakosea vilevile.

Kilichonifanya niikalie barua yako ni hiyo robo ya ziada. Imani kwamba ukilipa ghali umelinda ndiyo ninayokutana nayo kuliko nyingine zote katika kazi yangu, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wanaoishika ni watu wenye nia njema, na wanaowauzia wanalijua hilo fika.

Ifuate hiyo pesa. Inatoka mfukoni mwako, mwenye duka anakata chake, mfungashaji chake, na kinachosalia kinamfikia mwenye boti kama bei nzuri zaidi kwa kila kilo aliyoitoa baharini. Kilo aliyoiacha haina anayemlipa. Sasa bei hiyo nzuri itamfanya afanye nini? Inategemea kama kuna kikomo cha kuvua na kama kuna anayekisimamia.

Chukua bahari isiyo na kikomo, ambako kila mwenye boti anaingia. Safari moja inagharimu 100, ukihesabu mafuta, barafu, nyavu na ujira, na samaki wake wanauzwa 150. Ile 50 ya faida haijifichi. Msimu ujao inakuja boti mpya, kisha nyingine, na kila moja inawapunguzia wenzake samaki, hadi safari ya 100 iingize 100 na asiwepo tena anayevutiwa kuingia. Mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliliweka hili wazi mwaka 1954. Faida yote inaliwa na msongamano wa boti, na samaki ndio wanaolipa.

Sasa ongeza robo yako. Tuseme wanunuzi wote wanalipa kama wewe, na robo yote inamfikia mvuvi. Safari iliyokuwa ikiingiza 100 sasa inaingiza 125. Boti zinaanza tena kuongezeka hadi ile 125 irudi kuwa 100, na kitakachoirudisha ni uchache wa samaki, hakuna kingine. Katika mfano rahisi ambao wachumi wa uvuvi huanzia nao, ambapo pato la safari moja linakwenda sambamba na wingi wa samaki waliopo, bei ikipanda kwa robo, samaki wanaosalia majini wanapungua kwa moja ya tano. Palipokuwa na tani 40 zinabaki 32. Wewe umelipa zaidi kwa moyo safi, na bahari imepoteza tani 8.

Naomba urudie aya hiyo kabla ya kuendelea. Nimewahi kukaa na watu waliosoma, wenye vyeo, wakaniambia haiwezekani, lazima bei kubwa iwe nzuri kwa mazingira kwa sababu "inaonyesha thamani". Inaonyesha thamani ya samaki aliyekufa tu.

Weka kikomo, na hesabu inageuka. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliandika jinsi wavuvi wa Alanya, mji wa pwani huko Uturuki, walivyojiwekea kikomo chao. Kila Septemba waliorodhesha wavuvi wenye haki ya kuvua, wakayataja kwa majina maeneo yote ya kutega nyavu, kisha wakapiga kura ya bahati kujua nani aanzie wapi. Maeneo yalipangwa mbalimbali ili wavu mmoja usizibe njia ya samaki wa mwingine. Kuanzia Septemba hadi Januari kila mvuvi alihama kila siku eneo moja kuelekea mashariki; kuanzia Januari hadi Mei walirudi magharibi vivyo hivyo, ili kila mtu apate zamu kwenye maeneo mazuri. Aliyevamia eneo la mwenzake hakuchelewa kugundulika, kwa sababu mwenye zamu alikuwepo na aliijua haki yake. Hawakungoja mnunuzi wa mbali awe mwema.

New Zealand walikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1986 walianza kuweka kiwango cha juu cha mavuno kwa aina kadhaa za samaki, kisha kukigawa kwa hisa zinazoweza kuuzwa. Mwenye hisa anajua kwamba samaki walioachwa wazaane mwaka huu watamkuzia mgawo wake baadaye. Hapo ndipo bei nzuri inapoweza kumpa sababu ya kusubiri badala ya sababu ya kukimbilia. Hapo robo yako inaweza kuwa na kazi. Na hapohapo shemeji yako anapata ushindi wake mdogo: kikomo kikiwa ndicho kinachobana, kiasi kitakachovuliwa mwaka huo kimeshaamuliwa, ununue usinunue.

Ila kikomo cha kwenye karatasi hakitoshi. Kule Newfoundland, Kanada, samaki wa kod walivuliwa mwaka 1968 hadi kufikia takriban tani 800,000. Baadaye nchi ikapanua mamlaka yake ya bahari hadi maili 200 kutoka pwani, ikaweka viwango vya mavuno kila mwaka, na kila mtu akaamini mambo yameshikwa. Viwango vile vilitokana na makadirio yaliyozidi ukweli. Meli kubwa ziliendelea kujaza nyavu kwa sababu kod wanapopungua hukusanyika pamoja, na meli zilikuwa na vifaa vya kuwasaka walipojikusanya. Wavuvi wadogo wa ufukweni walilalamika mapema kwamba samaki wanapungua na ukubwa wao unapungua. Julai 1992 uvuvi ukafungwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Walisubiri zaidi ya miaka 30 kabla Kanada haijatangaza, mwaka 2024, kuwafungulia tena uvuvi wa biashara, kwa kiwango cha tani 18,000. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona bado wanapatikana kwa wingi sokoni", usilichukulie neno hilo kuwa ushahidi wa chochote.

Tuje kwenye pakiti yako. Maneno "wamevuliwa kwa kuijali bahari" hayana maana yoyote inayoweza kupimwa. Hayataji aina ya samaki, hayataji eneo, wala aliyekagua. Igeuze pakiti nyuma. Pakiti nzuri inataja jina la kisayansi la samaki, maana "samaki mweupe" anaweza kuwa yeyote. Inataja eneo la uvuvi, mara nyingi kwa namba za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa: 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki, 21 ni kaskazini magharibi ambako wale kod waliishia, 51 ni magharibi mwa Bahari ya Hindi. Inataja zana iliyotumika. Na kama nembo ni ya MSC (Marine Stewardship Council), shirika la kuthibitisha uvuvi lililoanzishwa mwaka 1997, pembeni yake pana alama inayoanza na MSC-C- ikifuatiwa na tarakimu. Alama hiyo inakuonyesha kampuni yenye cheti cha kufuatilia samaki kutoka mkono hadi mkono, na unaweza kuitafuta kwenye orodha yao. Nembo hiyo ina wakosoaji wake, na baadhi ya hoja zao, hasa kuhusu nyavu zinazokokotwa chini ya bahari, ni nzito. Lakini angalau kuna kanuni ya kubishania na kuna mkaguzi wa nje wa kumuuliza.

Hata viwango vya kimataifa vinazitenganisha nembo hizi. Katika viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, ISO 14024 ni ya nembo zinazotolewa na mtu wa tatu kwa vigezo vilivyotangazwa. ISO 14021 ni ya madai anayojitolea mwenye bidhaa mwenyewe. Yote mawili yanaweza kuchorwa kwa rangi ileile ya kijani, na msomaji wa kawaida hana namna ya kuyatofautisha kwa kuyatazama.

Niliwahi kuitwa na kampuni moja nikague dai lao la "uvuvi endelevu" kabla halijachapishwa. Nikaomba nyaraka. Nikaletewa faili jembamba lenye karatasi mbili: ankara ya mchoraji wa nembo, na barua ya mwenye boti akiahidi kwamba yeye ni mtu mwaminifu. Nikauliza boti zao zinavua wapi, chini ya kiwango gani, na nani anahesabu tani zinaposhushwa. Meneja aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Pakiti zilitoka mwezi uliofuata, nembo ikiwa vilevile, na bei ikiwa juu. Watu kama wewe ndio walioilipa.

Na si samaki tu. Ukiona nembo ya RSPO, chombo kinachothibitisha mafuta ya mawese, yenye neno "Mixed", ujue maana yake: mafuta yaliyothibitishwa yamechanganywa njiani na yasiyothibitishwa, na kinacholinganishwa ni kiasi kilichoingia na kilichotoka kwenye vitabu. Si wizi, ni mfumo uliotangazwa, lakini chupa uliyoishika inaweza isiwe na hata tone kutoka shamba lililokaguliwa. Kwenye mbao na karatasi, FSC, shirika linalothibitisha misitu, wana "100%", "Mix" na "Recycled", na hizo ni ahadi tatu tofauti. Muuzaji anayekuambia "zote ni zilezile" ama hajui kazi yake ama anakudanganya.

Kibaya kuliko vyote ni fidia za kaboni zinazouzwa kwa mbofyo mmoja. Unalipa kidogo juu ya tiketi ya ndege ili msitu fulani usikatwe, unaambiwa safari yako sasa "haina kaboni". Jambo la kuuliza ni hili: huo msitu ungekatwa kweli kama wewe usingelipa? Kama ungebaki umesimama vilevile, umenunua kitu kilichokuwepo tayari. Na kama waliokuwa waukate wamehamia msitu wa jirani, hewa haijapata nafuu yoyote. Ndege, kwa upande wake, imeruka na mafuta yameungua. Umoja wa Ulaya umeona uzito wa jambo hili. Kwa Maelekezo namba 2024/825, kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 muuzaji haruhusiwi kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa haina athari kwa hali ya hewa kwa kutegemea fidia alizonunua, wala kutumia maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" pasipo uthibitisho. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiyasema haya tukaitwa wakorofi.

Wanaouza njia hizi za mkato wananikera kwa sababu wanachukua vitu viwili kwa mpigo. Wanachukua pesa yako, na wanachukua ile hasira nzuri ambayo ingekufanya uulize kuhusu kikomo. Mtu akishalipa robo ya ziada anajiona amemaliza, na siku viwango vya mavuno vinapojadiliwa hana habari.

Kuhusu kuendelea au kuacha: usinunue tena pakiti hiyo mpaka ujibiwe. Mwandikie mwenye bidhaa, jina na anwani vimo kwenye pakiti, umuulize ni samaki gani kwa jina la kisayansi, wamevuliwa eneo gani, kiwango cha mavuno cha eneo hilo kwa mwaka ni tani ngapi na nani alikiweka, na nani asiyelipwa na mwenye boti anayehesabu samaki wanaposhushwa bandarini. Anayejua atakujibu kwa mistari minne, maana majibu hayo anayo mezani. Mpe wiki tatu.