Wadogo zangu mnaotaka kuskeiti mashindano, mjue hesabu kabla ya kuruka

Wengi wenu mnatoka Sunken, ile parking ya tao Nairobi, mkiwa na viatu vya magurudumu, mkifika kwa barafu swali ni moja tu, ati kocha nitaruka tripo, ule mruko wa kuzunguka mara tatu hewani, lini. Sawa, utaruka, lakini kwanza keti hapa tupige hesabu kidogo maana hii michezo inaamuliwa na karatasi ya majaji, sio na makofi ya mabeste zako.

Mfumo wa sasa uliletwa 2004 baada ya kashfa ya majaji kwa Olimpiki ya Salt Lake City 2002, na ule wa zamani ambao alama ya juu ilikuwa 6.0 ukazikwa. Kila mruko uko na bei yake ya alama. Dabo akseli, ya mizunguko miwili na nusu, ni 3.3, tripo lutzi, ya mizunguko mitatu, ni 5.9, halafu majaji wanaongeza ama wanatoa kuanzia -5 hadi +5, na kila hatua ni asilimia 10 ya bei. Sasa wewe umekazana na lutzi ambayo mazoezini inakubali mara moja moja, siku ya mashindano ukaanguka, unapewa -5, inabaki 2.95, unakatwa alama 1 ya kuanguka, uko na 1.95. Mwenzako amefanya dabo akseli safi ya +3, yake ni 4.29. Na yeye bado ana pumzi, wewe unatafuta muziki umefika wapi.

Upande wa sanaa sasa, tangu 2022 vitu vinavyopewa alama ni vitatu, utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuskeiti. Kwa programu ndefu ya wanawake, ile inayofuata ile fupi, jumla yake inazidishwa kwa 2.67, kwa hivyo ukipandisha nusu alama tu kwa kila kimoja umepata karibu 4, yaani zaidi ya bei ya dabo akseli nzima, na hujaruka kitu. Hii ndio watu hawaamini nikiwaambia.

Lakini pia msidanganyane, kupeperusha mikono na kufunga macho ukiwa na uchungu usoni sio sanaa. Jaji anaangalia miguu. Unaegemea ukingo wa chuma cha kiatu kweli ama umesimama wima kama mlingoti, unapata spidi kwa hatua chache ama unasukuma sukuma, unaingia kwa mruko ukitoka kwa hatua na kugeuka geuka kwa mguu ama unateleza tu rinki nzima ukiogopa. Hii ya mwisho ndio tabu yetu kubwa. Barafu ya Panari, ile rinki ya Nairobi pale Mombasa Road, iliyofunguliwa 2005, ni ndogo ukiilinganisha na ya Olimpiki ya mita 60 kwa 30, so mtu aliyezoea pale akienda nje anajikuta programu yake yote imejaa kona moja. Kwa hivyo krosova, ile ya kuvusha mguu juu ya mwingine kwa kona, pande zote mbili, kila siku, hata zikikuboa. Zile za upande mbaya ndio ufanye zaidi.

Mtu ataniuliza kuhusu Olimpiki ya Vancouver 2010. Evan Lysacek wa Amerika alishinda dhahabu ya wanaume bila kwadi, mruko wa mizunguko minne, hata moja, Plushenko wa Urusi akiwa na yake, tofauti ikiwa alama 1.31. Watu wanaisoma kama ushindi wa sanaa, mimi nasoma ratiba: Lysacek aliweka miruko mingi nusu ya pili, ambako kulikuwa na bonasi ya asilimia 10 ya bei. Siku hizi hiyo bonasi inapewa miruko mitatu ya mwisho pekee kwa programu ndefu, kwa hivyo hapo weka ile unaipata hata ukiwa umechoka, sio ile unaiota.

Na muziki, maneno yaliruhusiwa msimu wa 2014 kwa wanaoskeiti peke yao, lakini usichukue wimbo kwa sababu unatrendi. Chukua wenye sehemu ya kupumua, spini iwekwe pale mdundo unapobadilika. Halafu jirekodi na simu, uzime sauti, uangalie miguu peke yake.