Mbio za farasi si mkeka wa mpira: elewa mfuko kabla ya kuweka dau

Wengi wetu tuliohamia Louisville, Kentucky, hapa Marekani, tumekuja na mazoea ya mkeka wa mpira. Ukibeti timu ikiwa na 3.50, hiyo 3.50 ni yako hata watu elfu wakija kuibetia baada yako. Nami niliingia kwenye mbio za farasi na mazoea hayohayo. Ubao ulionyesha 8 mbele ya farasi wangu, yaani faida ya dola 8 kwa kila dola, juu ya dau lenyewe; nikaweka dola 10, akashinda. Nikaenda dirishani nikijua nafuata dola 90. Karani akanihesabia 57.

Nilibishana naye sana. Kumbe hakunipunja hata senti.

Hapa dau zote za aina moja zinatiwa mfuko mmoja. Wanaobashiri mshindi wana mfuko wao, wanaobashiri nafasi mbili za juu wana wao, wa eksakta (wa kwanza na wa pili kwa mpangilio) wana wao. Uwanja unakata fungu lake kwanza, kinachobaki wanagawana waliopatia. Utaratibu huu ulianzia Ufaransa miaka ya 1860 kwa Joseph Oller, na Churchill Downs, uwanja wa mbio wa hapa Louisville, iliurudisha mwaka 1908, jiji lilipowapiga marufuku wachukua dau binafsi waliojipangia malipo wenyewe.

Chukua mfuko wa mshindi wenye dola 10,000. Makato yakiwa asilimia 17.5, zinabaki 8,250. Kama farasi namba 4 amewekewa dola 1,500, kila dola inarudisha 5.50, tiketi ya dola 2 inalipa 11, dau lako likiwa humohumo. Sasa farasi wanaingizwa kwenye vizimba vya kuanzia mbio, na mtu mmoja mwenye fedha anamwekea namba 4 dola 1,500 nyingine. Mfuko umekuwa 11,500, baada ya makato 9,487.50, lakini wanaogawana wana dola 3,000. Tiketi yako ileile inalipa 6.32. Hicho ndicho kilichonikuta. Namba za ubaoni ni picha ya mfuko kwa wakati ule tu. Ya mwisho mara nyingi huiona farasi wakiwa tayari wanakimbia.

Kwa hiyo mimi siweki dau mapema. Nasubiri dakika mbili tatu za mwisho, naangalia fedha imeelemea wapi. Kama malipo ya farasi ninayemwamini yameshaporomoka hadi 2 ubaoni, namwacha apite na fedha yangu inabaki mfukoni. Wanaofuata umati wanagawana kidogo hata wakipatia.

Makato nayo yatazame, maana watu hawayaulizi. Mwaka 2014 Churchill Downs ilipandisha makato ya dau za kawaida kutoka asilimia 16 hadi 17.5, na zile za kuunganisha farasi kadhaa, kama eksakta, kutoka 19 hadi 22. Ndiyo maana mgeni namshauri aanze na dau la mshindi, aziache eksakta kwanza. Kuna nafuu moja: zamani malipo yalishushwa hadi senti kumi za karibu kwa kila dola, ile 6.32 ingekuwa 6.20. Tangu 2022 sheria ya Kentucky inataka yahesabiwe hadi senti moja.

Dirishani usitaje jina la farasi. Sema namba ya mbio, kiasi, aina ya dau, halafu namba ya farasi, na usome tiketi kabla hujaondoka.

Na tiketi hiyo usiichane hadi ubao uandike kwamba matokeo ni rasmi. Kwenye Kentucky Derby ya 2019, mbio kubwa za Churchill Downs, farasi Maximum Security alivuka mstari akiwa wa kwanza. Waamuzi wakarudia picha kwa zaidi ya dakika 20, wakamshusha hadi nafasi ya 17, ushindi ukaenda kwa farasi Country House. Tiketi ya dola 2 ya Country House ililipa dola 132.40, kwa yule aliyekuwa bado ameishika.