Gari ya zamani inaisha betri usiku: usinunue betri nyingine kabla hujapima

Mkuu nimekusoma. Jioni unapaki gari ikiwa nzima, asubuhi stata inalia tak tak tak na taa za dashibodi zinafifia, betri ni mpya kabisa na bado unaambiwa ununue nyingine. Usinunue. Betri mpya ikiisha kwa usiku mmoja maana yake kuna kitu kinanyonya moto (umeme) wakati gari imezimwa, na hicho kitu kinatafutwa kwa multimita, yaani kipima umeme, sio kwa kubahatisha vipuri.

Anza kwa kuichaji betri ijae, iache itulie masaa kadhaa alafu pima. Volti 12.6 hivi imejaa. Washa gari pima tena, ikisoma 13.8 mpaka 14.4 alteneta (ile inayozungushwa na injini kuchaji betri) inachaji. Sasa hapa ndo wengi wanapotea, wakishaona inachaji wanaifuta alteneta kwenye orodha ya watuhumiwa, kumbe inaweza kuchaji vizuri tu mchana na usiku hiyohiyo ndo ikawa inakula moto.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, kama boneti ina taa yake chomoa balbu. Fungua waya wa hasi kwenye betri, multimita iweke kwenye ampea, tumia lile tundu la 10A, ncha moja iguse kichwa cha hasi cha betri na nyingine iguse ule waya uliofungua. Ukiwa hapo usiguse stata wala taa kubwa, utakata fyuzi ya multimita. Gari ya zamani yenye saa na redio tu inatakiwa isome miliampea chache, ikivuka 50 kuna shida.

Pikapu yangu ilisoma ampea 2 na nusu! Piga hesabu, masaa 12 ya usiku ni ampea-saa 30, betri ya ampea-saa 45 itabaki na nini cha kuzungusha injini? Nikaanza kuchomoa fyuzi mojamoja huku naangalia namba, ya redio, ya honi, ya taa za ndani, mpaka boksi likabaki tupu, na namba haijashuka hata kidogo. Hapo usikate tamaa, hiyo nayo ni taarifa, kwamba moto unapita njia ambayo haipiti kwenye boksi la fyuzi, na kwenye gari nyingi za zamani njia hizo ni chache: stata, swichi ya ufunguo na ule waya mnene unaotoka nyuma ya alteneta kwenda betri.

Nikaweka kiganja kwenye alteneta, injini imelala usiku kucha, chuma chote kingine cha baridi ila alteneta ina joto, kwa nyuma hasa, pale zinapokaa dayodi, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Nikafungua hasi ya betri kwanza (lazima, ule waya mnene una moto muda wote, spana ikigusa bodi ni cheche), nikautoa waya wa alteneta nikauzungushia tepu, nikarudisha multimita, ikasoma miliampea chache. Dayodi imekufa, inaruhusu moto urudi nyuma. Fundi alibadilisha sahani ya dayodi tu, alteneta ni ileile mpaka leo na betri ni ileile.

Kwako ikitokea fyuzi fulani ukiichomoa namba inaanguka, fuata waya za fyuzi hiyo, na anza na vitu vilivyoongezwa baadaye, redio, alamu, taa za ziada, hasa penye waya zilizosokotwa na kufungwa tepu tu. Taa ya buti na ya kidroo cha dashibodi pia, balbu ya wati 5 inakula karibu ampea 0.4 na huwezi kuiona maana umeshafunga, we fungua haraka uiguse, ikiwa ya moto ilikuwa inawaka.

Pima alafu weka hapa namba uliyopata, fyuzi gani imeishusha kama ipo, na useme kama gari ina alamu au redio iliyofungwa baadaye, tuendelee kutokea hapo.