Maharage yamedumaa: ninunue poda ya fangasi niache mbolea ya DAP?

Mkuu, kabla hujatoa hela ya hiyo poda ya fangasi wa mizizi chimbua kwanza mashina mawili matatu taratibu udongo ukiwa na unyevu, usiyavute maana vinundu (vile vidonge vidogo kwenye mizizi wanamokaa bakteria) vitabaki chini, alafu pasua kinundu kimoja kwa kucha, kikiwa pinki au chekundu ndani ujue bakteria wanatengeneza naitrojeni, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu hapo.

Sasa fangasi (maikoriza) kazi yao ni nyingine, naitrojeni hawatengenezi kabisa, wao nyuzi zao nyembamba zinaenda mbali kuliko mzizi wenyewe zinaleta fosforasi na zinki, na mmea unawalipa sukari. Vinundu navyo vinahitaji fosforasi nyingi, ndo maana ikikosekana hata bakteria wazuri wanalegea.

Na hawa fangasi mara nyingi wapo tayari shambani, ni sisi tunawavuruga, kulima kila mara kunakata nyuzi, fosforasi ikizidi mmea hauwahitaji tena, na ukitoka kwenye kabichi ukapanda maharage wanakuwa wamepungua maana kabichi haiwapokei, bora ungetoka kwenye mahindi.

So DAP, mbolea yenye fosforasi na naitrojeni, usiache ghafla, pima udongo kwanza. Kama udongo una tindikali jaribu Minjingu (mbolea ya mawe ya fosfeti), kwenye udongo wa hivyo inayeyuka vizuri zaidi. Ukibaki na DAP weka kidogo kwenye shimo, fukia udongo kidogo ndo uweke mbegu, zisigusane.