Mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi: vidonge vya kukojoza havisaidii

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu aliondolewa titi la kushoto na tezi za kwapani miezi saba iliyopita. Sasa mkono huo umevimba hadi vidoleni, pete haiingii. Duka la dawa wamempa Lasix, vidonge vya kukojoza, na shangazi anamkanda kwa maji ya moto kila jioni. Uvimbe hupungua, kisha unarudi. Tufanyeje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Kama Lasix hakuandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au presha, aache. Mikono ya namna hii naipokea kila mara, na karibu kila mara vidonge hivyo vimenitangulia.

Tatizo si figo. Limfu ya mkono, yaani majimaji yanayokusanywa kutoka kwenye nyama, hurudi kwenye damu kwa kupitia kwapani, na njia hiyo sasa imepungua. Kilichotuama ni maji yenye protini. Kidonge kinakojoza maji ya mwili mzima, protini inabaki mkononi na kuvuta maji mengine. Ndiyo hiyo nenda-rudi mnayoiona. Mkono unaishia kuwa mgumu, na potasiamu ya mama inapotea bure. Shangazi naye, kwa heshima zote, aache kukanda: joto hupanua mishipa ya damu na maji huzidi kuvuja.

Kwanza arudi kwa waliomfanyia upasuaji, maana uvimbe wa sasa unaweza pia kuwa damu iliyoganda au saratani iliyorudi. Wakishaondoa hofu hiyo, dawa ni kubanwa: bandeji maalumu zifungwe na mtaalamu wa fiziotherapia, mkono ukipungua avae soksi ya mkono mchana. Afumbe na kufumbua ngumi, apake mafuta ngozi isipasuke. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, hospitali siku hiyohiyo.

Hukuuliza kuhusu chale, lakini atatokea wa kuwashauri. Chale hutoa matone machache na kuingiza bakteria, na kila maambukizi huharibu mishipa ya limfu iliyobaki. Wengine huja na bomba la sindano, kwa kuwa waliona daktari akinyonya maji yaliyojikusanya chini ya kidonda wiki za mwanzo. Yale yalikuwa kwenye mfuko mmoja. Haya ya mkononi yamelowa ndani ya nyama kama maji kwenye sponji. Sindano haipati cha kunyonya, inaacha tundu tu.