Mjukuu hanijibu kwa Kiswahili

SWALI: Asalaam aleikum, Shangazi. Mwanangu na mkewe wamehamia Kanada, huu mwaka wa tatu. Nikipiga simu kutoka hapa Ngamiani, mjukuu ananijibu Kiingereza tu. Sasa baba yake anataka uraia wa huko. Ndiyo nimeshawapoteza?
Bibi, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unamtoka. Mwanao alijue hilo kabla hajala kiapo.

Ila mtoto ndiye anayeniuma. Usimhoji habari za shule. Mpigie kwa video ukiwa unakuna nazi, umwambie, “Bibi amekalia mbuzi.” Atauliza tu, mbuzi gani huyo! Wangu wa ughaibuni alianzia hapo hapo.